Kujituma, kumenyeka au kujikalifisha? Tutafute neno la kazi inayomzidi mtu nguvu

Mfasiri wa Mvita:

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote. Naomba tusaidiane katika jambo la msamiati. Nimeletewa kijitabu cha afya kazini nikipitie kabla hakijapigwa chapa, nacho kitagawiwa wafanyakazi wa maghala na viwanda hapa Mombasa, kuanzia Shimanzi hadi Changamwe na Mikindani. Sura yake moja inahusu watu wanaofanya kazi kuliko miili yao inavyoweza kustahimili, na aliyeitafsiri ametumia "kujituma kupita kiasi" tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi neno hilo nimelikataa. Nitaeleza sababu, kisha nitapendekeza jingine, nanyi mlipime.

Kujituma ni sifa. Anayejituma ni mtu asiyengoja kutumwa, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye mtumaji na ndiye mtumwaji. Ukimwambia mtu kwamba amejituma kupita kiasi hujamwonya hata kidogo, bali umemwongezea sifa, naye atarudi kazini kesho akiwa na furaha zaidi. Ndivyo yalivyo pia maneno mengine yaliyo jirani nalo: kutia bidii, kujibidiisha, kuchapa kazi, kujifunga kibwebwe. Hata kuhasla, neno lililotoka vijiweni likapanda majukwaa ya siasa katika kampeni za mwaka 2022, limebeba fahari kuliko malalamiko. Mithali zetu nazo zimeegemea upande huo huo, kwani mgagaa na upwa hali wali mkavu, mchumia juani hulia kivulini, na kazi mbi si mchezo mwema. Sina ugomvi na mithali hizo, maana zilisemwa kwa ajili ya mvivu, na mvivu anazihitaji. Kijitabu hiki, hata hivyo, hakimsemeshi mvivu.

Yapo maneno yanayokaribia maana ninayoitafuta lakini hayafiki. Kujikakamua na kujitutumua yanaeleza juhudi ya muda mfupi, kama ya mtu anayenyanyua gunia na kulitua. Kujichosha kunaishia kwenye uchovu, na uchovu wa kawaida huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Ninachotafuta ni neno la mzigo unaobebwa siku baada ya siku na mtu ambaye uwezo wake ulikwisha zamani.

Pendekezo langu ni kujikalifisha. Sisi wa Mombasa tunalitumia kila siku, na zaidi katika adabu za ugeni. Ukialikwa kufuturu ukakuta mbaazi za nazi, mahamri, viazi vya karai, kaimati na samaki wa kupaka, vyote vimetoka katika mikono ya mama mmoja aliyefunga kama wewe, utamwambia, "Mbona umejikalifisha hivi, bibi?" Humwambii kwamba chakula ni kingi. Unamwambia kwamba amejitwisha zaidi ya aliyopaswa kujitwisha. Kwa hiyo ndani ya kitenzi hiki mna vitu viwili vinavyolinganishwa, mzigo na uwezo, na kisicho sawa ni uhusiano wa viwili hivyo, wala si wingi wa kazi peke yake. Saa 10 za kazi huenda zisimkalifishe kijana mwenye afya, na saa 4 zikamkalifisha mtu aliyetoka kitandani juzi. Hakuna neno lingine nililolipata linalosema hivyo bila kuongezewa maelezo.

Limebaki jambo moja linalonitia wasiwasi, nalo ni kile kiambishi "ji". Ukisema mfanyakazi amejikalifisha, umesema kwamba aliyemtwisha ni nafsi yake. Je, ndivyo ilivyo? Nawaachia hapo kwanza.

Mzee wa Kilindini:

Waalaykum salaam, mwanangu. Mimi nimemaliza umri wangu wa kazi gatini, na sisi tuliobeba mizigo kwa mabega hatukuwa tukisema kujikalifisha. Tulisema kumenyeka. Umbo lake ni lile lile la kumenya, yaani kutoa ganda, na mtu aliyeshinda chini ya magunia hahitaji mwalimu wa kumweleza jinsi maneno hayo mawili yanavyokaribiana. Sasa angalia kitu kimoja: mtu humenyeka, lakini sijapata kumsikia aliyejimenya. Neno lenyewe limekikataa hicho kiambishi kinachokutia wasiwasi.

Angalia pia majina tuliyoitwa. Hamali limetokana na neno la Kiarabu la kubeba, kwa hiyo ni mtu aliyeitwa kwa jina la mzigo wake, na hadi leo wavuta mikokoteni wa Marikiti na Kongowea wanaitwa hivyo. Kibarua ni barua ndogo. Mtu wa kazi ya kutwa alipewa kipande cha karatasi cha kumwezesha kudai ujira wake, na baadaye karatasi ikawa jina la kazi, kisha jina la mtu mwenyewe. Katika majina hayo yote hulioni hata moja linaloashiria kwamba mwenye jina alijipangia kiasi cha kazi yake. Kilichokuwa kikipangwa na mtu wa kutwa ni kuja au kutokuja.

Marehemu baba yangu alikuwa katika mgomo mkuu wa mwaka 1947, ulioanza tarehe 13 Januari ukadumu kwa siku 12, na bandari na reli zikasimama. Wagomaji walikusanyika kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na katika siku hizo hizo kikazaliwa chama cha African Workers' Federation, ambacho kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo akawekwa kizuizini. Nakumbusha hayo kwa ajili ya lugha tu. Watu wale hawakwenda uwanjani kulalamika kwamba wamejikalifisha. Walijua mzigo umetoka kwa nani, na walimtaja. Lakini aliyewatwisha hakuuhisi, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Bint Tanga:

Shikamoo, Mzee, na salamu dada Mfasiri. Mimi natoa pingamizi dogo kutoka upande huu wa mpaka. Kwetu Tanga kujikalifisha ni neno la sebuleni. Linamhusu mwenyeji aliyechinja kuku wawili badala ya mmoja, au shangazi aliyepanda basi kutoka mbali ili alete maembe. Ukimwandikia mtu wa kiwandani kwamba anajikalifisha, nachelea atadhani unamshukuru.

Sisi tuna maneno makali zaidi. Vijana husema kuhenyeka, ingawa sidhani kwamba linafaa katika kijitabu. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge, wale walioitwa manamba kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba aliyoandikiwa, walisema kusulubika na kazi ya sulubu. Neno hilo mtu akilisikia hawezi kufikiri kwamba anasifiwa.

Maalim wa Kuze:

Nawasalimu wote. Bint Tanga, binti yangu, hoja yako kuhusu sebule nimeielewa, lakini neno hili halikuzaliwa sebuleni. Niruhusuni nirefushe kidogo, kwa kuwa asili yake inajibu swali aliloliacha Mfasiri.

Kitenzi cha Kiarabu ni kallafa, yaani kumpa mtu jukumu lenye uzito. Kutokana nacho tuna taklifu, na katika fikihi tuna mukallaf, ambaye ni mtu aliyefikia baleghe akiwa na akili timamu, hivyo sheria inamwajibisha. Kwa hiyo kukalifisha peke yake si dhuluma, kwani kila jukumu lina uzito wake. Dhuluma inaingia pale mpaka unapovukwa, na mpaka huo umetajwa katika aya ya 286 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo karibu kila Mwislamu wa pwani anaijua hata kama hajui Kiarabu: Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Tazameni kwamba wafasiri wa Kiswahili hawakutafuta neno lingine pale. Walilichukua hili hili, na msikilizaji akaelewa.

Liko jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Katika hadithi ya Abu Dharri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) anazungumza na mabwana kuhusu watumishi wao. Anawaambia kwamba hao ni ndugu zao, wawalishe wanachokula na wawavishe wanachovaa, wala wasiwakalifishe yanayowashinda nguvu, na wakiwakalifisha, basi wawasaidie. Kitenzi ni kile kile, na mtendaji wake ni bwana. Mtumishi hakuambiwa apunguze bidii, wala hakuambiwa ajue kiasi chake. Aliyepewa amri ni yule mwenye uwezo wa kuongeza mzigo au kuupunguza.

Na hilo la kujikalifisha nalo lina asili yake, nayo ni takallafa, yaani mtu kujilazimisha jambo lisilo la lazima, au kujionyesha kuwa na kile asichokuwa nacho. Sifa hiyo haipendezi. Katika aya ya 86 ya Sura ya Sad, Mtume anaamrishwa aseme kwamba yeye si katika watu wenye kujikalifisha namna hiyo. Kwa hiyo adabu yetu ya kumwambia mwenyeji "umejikalifisha" ni shukrani iliyochanganyika na lawama ndogo. Lakini mfanyakazi anayepakia malori usiku kucha kwa sababu ameambiwa asiyetaka aende nyumbani hana takallufu yoyote. Huyo amekalifishwa.

Nesi wa Changamwe:

Maalim, nimefaidika. Naongea kama mtu ambaye atakigawa kijitabu hicho. Wagonjwa wetu hawasemi hata moja kati ya maneno haya yote. Wanasema "kazi ni nyingi", "sipati usingizi", "mgongo", "kifua kinabana". Ningependelea maelezo ya wazi, kwamba mtu anafanya kazi kupita kiasi, kisha tutaje kiasi chenyewe, kwa sababu kiasi kinajulikana.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja, yakaonyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki anakabiliwa na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo yatokanayo na kuziba kwa mishipa iliyo juu kwa takriban asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 peke yake vifo vilivyohusishwa na saa hizo ndefu vilikadiriwa kuwa 745,000. Njia zinazopitiwa na madhara hayo si za ajabu. Mwili unaokaa katika wasiwasi muda mrefu hutoa homoni zinazopandisha shinikizo la damu. Usingizi ukipungua shinikizo halipati nafasi ya kushuka, na mtu mwenyewe anajitegemeza kwa sigara, miraa au vinywaji vyenye sukari ili akae macho.

Wajapani wana neno karoshi, lililoanza kutumika katika miaka ya 1970, na sehemu zake tatu ni kuzidi, kazi na kifo. Mwaka 2014 nchi hiyo ilipitisha sheria maalumu ya kuzuia vifo hivyo, na maofisa wanaokagua madai ya fidia huangalia, pamoja na mengine, kama marehemu alikuwa na saa za ziada zinazofikia 100 katika mwezi mmoja au wastani wa 80 kwa mwezi katika miezi iliyotangulia. Naona hapo neno na idadi vinafanya kazi pamoja. Neno lisilo na saa ndani yake mtu atalisoma, atatikisa kichwa, na ataendelea.

Mfasiri wa Mvita:

Nawashukuru wote, na naanza na Nesi. Idadi nitaiweka, tena ile ya Japani na ile ya mashirika mawili zitakaa ukurasa mmoja na sheria yetu wenyewe, ambayo watu wengi hawaijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, pamoja na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12 ya utumishi, na Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja haki ya mazingira mazuri ya kazi. Lakini siwezi kuliacha jambo lenyewe bila jina. Kazi kupita kiasi ni maelezo sahihi, ila hayana mtendaji, na baada ya kumsoma Maalim naona mtendaji ndiye kiini cha mjadala wetu.

Bint Tanga, kusulubika nimelifikiria sana. Sulubu kwa asili yake ni nguvu na ukakamavu, ndiyo maana wazee hapa humwambia mtu dhaifu kwamba hana sulubu, na kazi ya sulubu ni kazi inayotaka nguvu hizo. Shida ni kwamba kusulubu kumekwisha kuchukua maana ya kutesa na ya msalaba, na msomaji wa Kikristo ataliona hilo kabla ya lingine lolote. Tena si kila mtu aliyezidiwa anatumia misuli. Karani wa ghala anayehesabu shehena hadi usiku wa manane hasulubiki kwa maana ile ya mkonge, lakini moyo wake uko katika hatari ile ile. Kumenyeka kwa Mzee nitakuweka katika ushuhuda wa wafanyakazi, kwa kuwa ni neno tamu na la haki, na linastahili kusomwa na vijana ambao huenda hawajapata kulisikia.

Yuko mtu mmoja tu ambaye bado ningemwita mwenye kujikalifisha, naye ni yule ambaye hata akipewa ruhusa haondoki. Kiingereza kina jina lake, "workaholic", lililoenezwa na kitabu cha Mmarekani Wayne Oates cha mwaka 1971, na liliundwa kwa kuunganisha kazi na ulevi. Kwa Kiswahili mraibu wa kazi linatosha kabisa, maana uraibu tunaujua. Watu wa aina hiyo wapo, na wana haki ya kusaidiwa. Ila nina shaka kwamba ndio wengi katika maghala ya Shimanzi. Aliye huko akikubali zamu ya pili anaijua kodi ya nyumba na karo ya shule vizuri kuliko anavyoujua uraibu, na kusema kwamba "anajituma" ni kuificha hesabu hiyo pamoja na mtu aliyeipanga.

Kwa hiyo kijitabu kitatumia vitenzi viwili kwa maana mbili zilizotengwa. Kukalifishwa litakuwa neno kuu. Kujikalifisha litabaki katika aya moja inayomhusu mraibu. Kujituma litaondoka kabisa katika sura hiyo.

Dereva wa Miritini:

Mimi ni msomaji tu, lakini naona mmetaja ghala na gati, na barabara hamjaitaja. Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kila dereva wa masafa marefu anayetoka hapa kwenda Malaba anaijua, na kila mwenye shehena anayempigia simu njiani kuuliza amefika wapi anaijua pia. Msemo tunaoambiwa kwa mzaha ni "punda afe, mzigo ufike". Ajali ikitokea, ripoti husema dereva alikuwa amechoka. Naomba kijitabu kisiandike hivyo. Kuchoka hakuna aliyekusababisha.

Mfasiri wa Mvita:

Ndugu Dereva, saa zako 8 zimeingia, na hoja yako nimeibeba pia. Sentensi ya kufungulia sura ilivyo sasa ni hii: "Kazi inaweza kumkalifisha mfanyakazi kuliko uwezo wake, na dalili za kwanza ni kukosa usingizi, kuumwa na kichwa, kifua kubana na kusahau mambo madogo." Baada yake zinafuata saa, kisha sheria, kisha mahali pa kupeleka malalamiko. Kabla sijaipeleka kwa mpiga chapa, yeyote mwenye rekebisho aseme.

Mzee wa Kilindini:

Ninalo moja, mwanangu. Kazi haimkalifishi mtu, kwa kuwa kazi haina mdomo wa kuamrisha. Andika "mwajiri".

Mfasiri wa Mvita:

Waliolipia uchapaji ni waajiri, Mzee.

Mzee wa Kilindini:

Najua. Ndiyo maana nimesema uandike.

Maalim wa Kuze:

Naunga mkono, na kuna njia ya kuiandika bila tusi wala kinyongo. Fuata mpangilio wa ile hadithi: msimkalifishe mfanyakazi yanayomzidi nguvu, na mkimkalifisha, msaidieni. Hapo mwajiri ametajwa, na amepewa pia la kufanya. Mimi sioni mwajiri wa Mombasa atakayesimama hadharani akasema sentensi hiyo haimhusu.

Mfasiri wa Mvita:

Nimeiandika hivyo, kwa wingi, ikiwasemesha waajiri moja kwa moja, na ile ya dalili imekuwa ya pili. Mswada unaondoka kesho asubuhi. Wakiirudisha wakitaka "kujituma" lirejee, nitakuja kuwaambia hapa hapa.